Jambia lisilo na chapa: soma ala (kifuko cha kuchomekea) na mpini kwanza, bapa baadaye

Mkuu, umeweka picha ya bapa upande mmoja tu, halafu unauliza jambia limetoka wapi na lina miaka mingapi. Kwa bapa peke yake hatufiki. Bapa huuzwa, hurithiwa, hutiwa mpini mpya na ala mpya, kwa hiyo jambia moja linaweza kubeba umri wa aina tatu.

Ala iliyojikunja kama ndoana mpaka ncha ikatazama juu ni ya Yemeni. Ikipinda ghafla karibu na pembe mraba, na pete za fedha zimeshika mkanda, hiyo Omani. La Moroko halisumbui: bapa hunyooka kwanza kisha hupinda kuelekea nchani, kichwa cha mpini kimetanuka kama mkia wa tausi, na ala ina masikio mawili ya kupitishia kamba ya begani. Mpini wa jiwe uliopinda kama wa bastola ni mtindo wa India enzi za wafalme wa Mughal, ingawa wa kuigiza ni wengi.

Kwa umri, chukua kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Pima unene shinani, katikati, na sentimita mbili kabla ya ncha. Bapa lililofuliwa kwa nyundo hupungua taratibu, tuseme milimita 5, 4, kisha 2, na uti wake wa katikati huyumba kidogo. Ukipata namba ileile mara tatu, na uti umetuna upande mmoja huku upande wa pili ni mfereji, hilo ni bati lililogongwa kwa mashine. Bapa la chuma cha pua, kile kisichoshika kutu, ni la karne ya 20 au baadaye. Skrubu yenye kichwa cha msalaba haipiti nyuma ya miaka ya 1930, ila angalia isije ikawa ya fundi aliyekarabati juzi.

Mtego unaonasa wengi ni sarafu. Reale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, ikipachikwa kwenye ala au mkanda, muuzaji atakuonyesha mwaka 1780 ulioandikwa juu yake na kuapa kuwa jambia ni la wakati huo. Sarafu hiyo imeendelea kupigwa kwa mwaka uleule hadi karne ya 20, kwa hiyo tarehe hiyo haithibitishi kitu.

Mpini uangalie kwa lenzi ya mara kumi. Pembe ya ndovu ikikatwa kwa upana huonyesha mistari inayokatizana. Mfupa una vitundu vidogo vyeusi. Plastiki huacha mshono wa kalibu. Pembe ya faru huonekana kama nywele zilizoshikana, na hapo simama: biashara yake ya kimataifa imezuiwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1977, kwa hiyo ulizia sheria kabla ya kuitangaza. Kupima mpini kwa sindano ya moto usijaribu, inautoboa.

Msasa pia usiguse. Kutu nyekundu ifute kwa mafuta mepesi na kitambaa, weusi uache, maana ndio unaotuonyesha umri. Wala usivute mpini kutazama msuka, yaani shina la bapa lililo ndani ya mpini. Mara nyingi umeshikwa kwa ulimbo, ukipashwa moto unalegea na mpini unaweza kupasuka.

Weka picha za pande zote mbili, mgongo wa ala, mdomo wake kwa ndani, na pale bapa linapoingia mpinini. Rula iwe kando.