Lenzi, Laptopu na Kuvu: Majibu kwa Wapiga Picha

Barua za mwezi huu zimetoka Lanet, Dunga, Shinyalu, Bungoma, Nakuru mjini na Busia. Tumezifupisha bila kugusa swali lenyewe.

NIBADILISHE KAMERA ILI NIPATE FLAMINGO?

Mhariri, nina Canon 2000D na lenzi yake ya 18-55mm. Kila nikiingia hifadhi ya Ziwa Nakuru flamingo wanatoka vidoa vya waridi, na nikivuta picha inavunjikavunjika. Rafiki yangu ananishauri niiuze, niongeze pesa, nichukue 90D. Nitaona tofauti? – Mpenda Ndege, Lanet

Tofauti utaiona kwanza mfukoni. Piga hesabu hii. Heroe mdogo, ndiye flamingo wako wa kawaida, akisimama ana kimo cha sentimita 90 hivi. Akiwa mita 60 kutoka garini, lenzi ikiwa 55mm, umbo lake juu ya sensa (kipande kinachopokea picha ndani ya kamera) halifiki milimita 1, na sensa yenyewe ina kimo cha karibu milimita 15. Kati ya pikseli 4,000 za kwenda juu, ndege amepata 220 tu. Ukihamia 90D yenye megapikseli 32 kwa lenzi ileile, atapata 260. Ukibaki na 2000D yako ukaifunga lenzi ya 250mm, atapata 1,000.

Basi pesa ya bodi, yaani kamera bila lenzi, ipeleke kwenye lenzi. Tafuta EF-S 55-250mm IS STM, mpya au ya mtumba. Ina uzito wa gramu 375 na kizuia mtikisiko ndani yake. Usije ukaichanganya na EF 75-300mm III, ambayo mara nyingi hufungashwa pamoja na bodi za bei ya chini. Hiyo haina kizuia mtikisiko, na ikifika 300mm picha inalegea na kingo za mbawa zinapata utepe wa zambarau. Namba kubwa kwenye boksi ndiyo inayoiuza. Siku mfuko ukiruhusu, EF 400mm f/5.6L ya mtumba ni nyepesi kwa ndege anayeruka, ingawa nayo haina kizuia mtikisiko.

Ukiipata 55-250, geuza gurudumu hadi Tv, ambapo kasi unaichagua mwenyewe, weka 1/1600 ya sekunde, na asubuhi anza na ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) ya 800. Tarakimu ya apacha, tundu la lenzi linalopitisha mwanga, ikiwakawaka, kamera inalalamika kwamba mwanga hautoshi. Panda ISO 1600 bila woga, maana picha yenye chembechembe hurekebishika, iliyotikisika haina dawa. Fokasi iwe AI Servo, inayomfuata ndege anaposogea, kwa pointi ya katikati peke yake. 2000D ina pointi 9, lakini ni hiyo tu inayosoma mistari ya wima na ya mlalo; za pembeni hupapasapapasa.

Hifadhini hushuki garini ila penye ruhusa, kwa hiyo tripodi iache nyumbani. Shona mfuko wa kitambaa kigumu, tia kilo 2 za maharagwe bila kuujaza pomoni, kisha uulaze juu ya kioo cha dirisha kilichoteremshwa nusu. Lenzi itajichimbia humo na kutulia. Injini izimwe, na wenzako wasihamehame viti wakati unapiga.

Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, uwe umeshafika. Huku kwenye ikweta jua hupanda wima, na kufikia saa nne hewa juu ya matope inatetema. Picha ya saa sita ikitoka kama iliyopigwa kupitia mvuke wa sufuria, usiilaumu lenzi. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayopenya hewa hiyo. Sogea karibu, au rudi jioni.

Jingine si la kamera. Maji ya ziwa yamepanda sana tangu miaka ya 2010, magadi yakazimuliwa, na mwani wanaoula heroe ukapungua. Makundi makubwa mara nyingi huhamia Bogoria. Uliza kabla ya kulipa kiingilio.

UTANDO NDANI YA LENZI

Mhariri, hujambo. Lenzi yangu imekaa ndani ya begi tangu Desemba. Juzi nimeiangalia, nikaona kama utando wa buibui kwenye kioo cha ndani. Niifungue niifute? Na je, mchele kwenye mfuko unasaidia? – Mama wa Mapacha, Dunga, Kisumu

Mama, usiifungue. Hiyo ni kuvu. Mbegu zake zimo hewani kila mahali, na kinachoziotesha ni unyevu, giza na hewa iliyotuama. Begi la kamera lililofungwa karibu na ziwa lina vyote vitatu, na sifongo zake hunywa maji na kuyashika.

Ili kujua imefika wapi, fungua apacha yote, washa tochi ya simu upande mmoja, utazame kwa upande wa pili huku ukiinamisha lenzi. Nyuzi chache pembeni hazionekani pichani, na fundi anaweza kuzisafisha. Zikikaa miezi, kuvu hutoa asidi inayokula rangi ya kinga juu ya kioo. Hapo hata ikifutwa alama hubaki, na ukipiga picha ukielekea jua, picha nzima inafifia. Pata bei ya fundi kwanza. Kwa lenzi ya 18-55mm, mara nyingi kununua nyingine ya mtumba ni nafuu kuliko kuifungua.

Mchele ubaki jikoni. Hauvuti unyevu wa kutosha, na unga wake ni chakula cha kuvu. Nunua kasha la plastiki la vyakula, la lita 10 hivi, lenye mpira kwenye mfuniko. Weka gramu 200 za silika jeli na kipima unyevu kidogo cha betri. Sindano au tarakimu ikae kati ya asilimia 40 na 50. Ikifika 60, chembe zimeshiba, zikaushe. Chagua zile za rangi ya chungwa, ambazo hugeuka kijani zikishiba. Za buluu nyingi zina kobalti, na si za kuachwa watoto wanapocheza. Zikaushe ndani ya oveni kwa nyuzi 120 muda wa saa 2. Kama huna oveni, tumia sufuria pana juu ya moto mdogo huku ukikoroga hadi rangi irudi. Sufuria hiyo isipikiwe tena.

Begi litumike kwa safari, kasha liwe ndilo makao. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda ufukweni, acha kamera ndani ya begi lililofungwa kwa nusu saa, la sivyo jasho litajaa kwenye vioo.

NIMEUZIWA MBOVU?

Nilichukua Nikkor 50mm f/1.8D ya mtumba kwa ajili ya giza la msitu wa Kakamega. Kwenye Nikon D3500 yangu fokasi haisongi kabisa, na mara nyingine inaandika fEE. – Jirani wa Msitu, Shinyalu

Lenzi ni nzima, ila imeolewa nyumba isiyo yake. Lenzi za AF-D, kama hiyo yako, hazina mota ya fokasi. Huzungushwa na msumari mdogo unaochomoza kwenye mdomo wa bodi. D3000, D5000 na ndugu zao zote, pamoja na D3500, hazina msumari huo. D90, D7200 na D7500 zinao. Badilishana na mtu upate AF-S 50mm f/1.8G, yenye mota yake. Hiyo fEE maana yake pete ya apacha haijafungwa mwisho: izungushe hadi 22, kisha usukume kifungio.

Wazo la kununua f/1.8 lilikuwa zuri, maana tarakimu ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Ikilinganishwa na f/5.6 inaingiza mwanga karibu mara kumi, nawe utahitaji kila tone chini ya miti hiyo. Lakini 50mm ni ya vipepeo, mizizi na watu. Kwa ndege shorobo au mbega aliye kileleni utarudi kwenye lenzi ndefu, na kwa kuwa nyuma yake ni mbingu nyeupe, ongeza mwanga kwa +1 hadi +1.7, la sivyo utapata kivuli cheusi chenye mkia.

i7 YA ZAMANI AU i5 MPYA KIDOGO?

Duka moja hapa lina laptopu mbili za ex-UK, bei moja. Ya kwanza ni Core i7 kizazi cha 6, RAM 8GB, diski ngumu 500GB. Ya pili ni Core i5 kizazi cha 8, RAM 8GB, SSD (diski ya kasi) 256GB. Nahariri picha za RAW (faili ghafi za kamera) za megapikseli 24 kwa Lightroom Classic. Muuzaji anasisitiza i7. Au nichukue kompyuta ya mezani? – Mhariri wa Usiku, Bungoma

Chukua i5, na muuzaji mwache na i7 yake. Jina limebaki lilelile, ila ndani mambo yamebadilika. Kwenye laptopu nyembamba za ofisi, i7 ya kizazi cha 6 kama 6600U ina koa (viini vya prosesa) 2 tu, wakati i5-8250U ina 4. Tena, Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. Ile i7 unainunua ikiwa imestaafu.

Pesa ya kwanza baada ya hapo ni ya RAM. Adobe wanataka angalau 8GB na wanapendekeza 16GB. Ziwe vipande viwili vya 8GB, wala si kimoja cha 16GB, kwa sababu laptopu hizi mara nyingi hazina kadi ya picha. Picha huazima RAM hiyohiyo, na vipande viwili vinaipa njia mbili. ThinkPad T480 na HP EliteBook 840 G5 zina nafasi mbili. Dukani fungua Task Manager, ukurasa wa Performance, sehemu ya Memory, usome Slots used.

SSD ya 256GB itajaa upesi. Faili moja ya RAW ya kamera yako ina takriban 25MB hadi 30MB, kwa hiyo harusi ya picha 1,000 inakula karibu 30GB. Weka Windows, programu na katalogi ya Lightroom (faili inayotunza marekebisho yako) kwenye SSD, RAW zikae kwenye diski ya nje, na nakala nyingine kwenye diski ya pili inayolala nyumba nyingine. Diski ya nje isiyo na nakala ni msiba unaosubiri tarehe.

Kisha tengeneza Smart Previews, nakala ndogo za picha, wakati wa kuingiza picha, na kwenye Preferences, ukurasa wa Performance, weka alama ya kuzitumia badala ya faili asili wakati wa kuhariri. Vitelezi havitakwamakwama tena, kwa kuwa programu inabeba picha ndogo yenye upande mrefu wa pikseli 2,500 hivi. Kitakachokushinda ni Denoise, kiondoa chembechembe cha akili mnemba. Bila kadi ya picha, picha moja huchukua dakika kadhaa. Itumie kwa zile tano au sita unazochapisha, na uiache ifanye kazi ukienda kula.

Skrini ndiyo hasara isiyotajwa. T480 ilitoka kiwandani na skrini za aina tofauti, na ile ya 1366 kwa 768 haifai kazi hii. Fungua picha ya uso wa mtu, usimame, kisha uiname: rangi ya ngozi ikibadilika, kataa. Hata zile nzuri za 1920 kwa 1080 nyingi huonyesha kama thuluthi mbili tu ya rangi za sRGB, kipimo cha kawaida cha rangi. Skrini ya mtumba ya IPS (isiyobadili rangi ukiinama) ya inchi 24, mfano Dell UltraSharp, itakufaa kuliko kupanda daraja la prosesa.

Kabla ya kutuma M-Pesa, andika powercfg /batteryreport kwenye kidirisha cha amri, ulinganishe ujazo wa betri ulivyokuwa mpya na ulivyo sasa. Endesha CrystalDiskInfo uone afya ya SSD. Zima, uwashe ukiingia BIOS, mipangilio ya msingi kabla ya Windows. Ikidai nenosiri la kampuni iliyokuwa na mashine, ondoka. Mwisho, ichomoe chaja na utoe RAW 50 kuwa JPEG ukiwa hapohapo. Ikizimika au feni ikilia kama posho mill, umeokoa pesa.

Ya mezani ina nguvu zaidi kwa bei ileile. EliteDesk 800 G4 yenye i5-8500 ina koa 6. Lakini stima ikipotea katikati ya kuandika katalogi, faili inaweza kuharibika, kwa hiyo bei ya UPS (betri ya akiba) ya 650VA ihesabu ndani. Itakupa dakika chache za kufunga kazi, si za kuendelea kuhariri. Laptopu ina betri yake, na kwa mtu wa Bungoma msimu wa radi, hilo si dogo.

ZINANG'AA KWENYE LAPTOPU, ZINATOKA GIZA

Picha zangu zikichapishwa huwa nyeusi na za manjano. Studio inasema kosa ni langu. – Msomaji, Nakuru mjini

Giza ni lako, manjano yachunguzwe. Skrini yako pengine iko asilimia 100. Shika karatasi nyeupe kando yake chini ya taa ya kawaida, ushushe mwangaza hadi ukurasa mtupu wa Word ufanane nayo, na uzime Night light, ambayo hupaka skrini manjano nawe ukaondoa manjano yasiyokuwepo. Toa JPEG ya sRGB. Kwa inchi 8 kwa 12, pikseli 2400 kwa 3600. Studio iombe izime marekebisho ya mashine, na uchapishe kwanza ya 4 kwa 6. Ikitoka sawa kwa mwanga na bado ina manjano, rudi kwa studio yako.

KADI YA 512GB KWA BEI YA 64GB

Ni ya kweli? – Msafiri, Busia

La. Endesha programu ya H2testw, au F3 kama una Mac au Linux, ijaze kadi yote kisha iisome. Kadi ya bandia huonekana nzima hadi inapojaa ujazo wake halisi, kisha kila picha inayofuata hupotea kimyakimya. Nunua mbili za 64GB zilizojaribiwa.