Maswali ya Wasomaji: Ploti ya 50 kwa 100 Italisha Nyumba?

SWALI: Mtoto wangu anasoma shuleni aina za kilimo cha kujikimu. Nami nina ploti ya futi 50 kwa 100 hapa Kamulu ambayo bado sijajenga. Nikilima chakula cha nyumbani tu, kilimo changu ni cha aina gani? Je, kitatulisha watu 5 mwaka mzima? – *Mama watoto, Kamulu*

JIBU: Mama, aina kuu ni tatu. Kuna kilimo cha kuhamahama: watu hufyeka msitu na kuuchoma, hulima misimu michache, kisha huhamia kwingine ardhi ipumzike. Kuna ufugaji wa kuhamahama, kama wa Waturkana na Wasamburu. Halafu kuna shamba dogo linalolimwa kila msimu, liwe la mpunga wa majaruba kule Asia au la mahindi na maharagwe ya kwetu. Lako ni hili la mwisho. Kwa kuwa udongo wake haupumziki, usipoutilia samadi utachoka haraka.

Mahindi peke yake hayatawatosha. Ploti yako ni karibu thumuni ya ekari. Hata kwa mavuno ya magunia 16 ya kilo 90 kwa ekari, utapata magunia 2, ilhali mtu mzima anayekula ugali kila siku humaliza karibu gunia zima kwa mwaka. Kwa hiyo usilenge mavuno makubwa ya mara moja. Lenga kuwa na kitu cha kuchuma kila mwezi.

Nusu ya ploti panda mahindi na maharagwe. Acha sentimita 75 kati ya mistari na 60 kati ya mashimo, mbegu 2 kila shimo, maharagwe katikati ya mistari. Tia samadi iliyooza viganja viwili kila shimo, uichanganye na udongo. Samadi mbichi huunguza mbegu. Upande wenu ni mkavu, hivyo chagua mbegu ya muda mfupi kama Katumani. Hiyo si mahuluti (mbegu chotara ya kununua kila msimu), unaweza kujiwekea mbegu ya msimu ujao. Panda mvua za Oktoba zinapoanza. Ukichelewa wiki mbili, mahindi yatatoa mbelewele mvua ikiwa imekatika, na utavuna magunzi.

Robo panda kunde na managu. Majani ya kunde huchumwa kuanzia wiki ya tatu au ya nne.

Robo iliyobaki iwe viazi vitamu, na hapa ndipo penye akiba yako. Kata marando ya sentimita 30, uzike theluthi mbili kwenye matuta. Baada ya miezi 4 hivi anza kuchimbua vya kupika siku hiyo tu, vingine viendelee kukaa ardhini. Adui ni mdudu aitwaye fukusi: viazi vinaponenepa tuta hupasuka, naye hupenya kwenye nyufa hizo. Kila unapoona ufa, ufukie.

SWALI: Mahindi tuliyoletewa kutoka mashambani yameota ukungu guniani. Tuyaoshe tusage? – *Msomaji, Kayole*

JIBU: Hapana, ndugu, tafadhali msiyale. Ukungu huo unaweza kuwa na sumukuvu (aflatoksini), na kuosha au kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 iliua watu zaidi ya 100, wengi wao Makueni na Kitui. Ng'ombe pia msimpe, kwa sababu sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Wakati ujao, pimeni unyevu wa mahindi kabla ya kuhifadhi. Chukueni chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tieni mahindi hadi theluthi na kijiko cha chumvi kavu. Funikeni, tikiseni dakika moja, kisha acheni dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado hayajakauka. Yarudisheni juani juu ya turubai, si juu ya udongo. Isipoganda, yatieni mahindi kwenye mfuko usiopitisha hewa, mkamue hewa yote, mfunge kwa nguvu. Uwekeni juu ya mbao, mbali na ukuta na panya: tundu dogo tu huingiza hewa, na dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, huanza upya.