Kutoka stashahada hadi uzamili nchini Tanzania

Ndugu, umeuliza kama mwenye stashahada ya uhasibu na uzoefu mrefu kazini anaweza kujiunga moja kwa moja na shahada ya uzamili. Kwa utaratibu wa Tanzania haiwezekani, kwa sababu katika mfumo wa kitaifa wa ngazi za elimu stashahada ya kawaida ipo ngazi ya 6, shahada ya kwanza ngazi ya 8, uzamili ya 9 na uzamivu ya 10, na uzoefu, hata uwe wa kuheshimika namna gani, hausimami badala ya shahada ya kwanza.

Hivyo itakubidi uanze na shahada ya kwanza. Kagua kwanza wastani (GPA) wa stashahada yako: kigezo cha chini cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwa wanaoomba shahada hiyo kwa stashahada ni 3.0, ingawa baadhi ya kozi huongeza masharti yake. Shahada ya uhasibu kwa kawaida huchukua miaka 3.

Ukishadahiliwa, usiridhike na kufaulu tu. Daraja la pili la chini huanzia wastani wa 2.7, na anayehitimu chini ya hapo mara nyingi hulazimika kusoma kwanza stashahada ya uzamili (postgraduate diploma) kabla ya kudahiliwa shahada ya uzamili, yaani ada nyingine na mwaka mwingine.