Maswali ya Wasomaji: Pampu inanguruma, maji hayatoki

SWALI: Mambo fundi. Juzi karakana ya mbao mtaani kwetu iliungua, zimamoto wakaja, tangi lao likaisha, wakashusha pampu ile ya kubebwa na watu wanne wakaiweka kando ya mto. Sasa injini inapiga resi balaa ila maji hakuna, kama dakika nzima hivi, watu wakaanza kuzomea eti pampu mbovu. Mara paap, maji yanaruka mpaka juu ya bati. Ilikuwa nini? Na mbona yule wa mbele alikuwa anafunga nozo kabisa na mpira haupasuki? Mwenzake kule mtoni yeye kazi yake ilikuwa kuipapasa tu pampu.
– Msomaji, Morogoro

JIBU: Poa mdogo wangu. Pampu ilikuwa nzima, waliozomea wamewaonea tu.

Koroga chai kwenye kikombe kwa nguvu uone, katikati panabonyea, chai inapanda kingoni, ukizidisha inamwagika mezani. Ndo hivyohivyo. Ndani ya pampu kuna impela, yaani sahani ya chuma yenye mapanga yaliyopinda, maji yanaingia katikati, impela inayarusha pembeni kwa kasi, yanapokelewa na nyumba ya pampu iliyojikunja kama konokono na inayozidi kutanuka kuelekea mlango wa kutokea, pale mwendo unapungua na kugeuka presha.

Sasa ili kitu kirushwe hivyo lazima kiwe na uzito. Hewa ni nyepesi kuliko maji kama mara 800, kwa hiyo pampu ikiwa na hewa tupu, impela inazunguka tu kama pangaboi la saluni. Wanaomwagilia mboga kwa pampu za petroli wanalijua hili, usipofungua kifuniko ukaijaza maji kwanza utavuta kamba mpaka bega lichomoke. Ya zimamoto ina kifaa chake cha kufyonza hewa, kikishaitoa, hewa ya huku nje ndo inayakandamiza maji ya mto yapande kwenye mpira. Kwa kawaida nusu dakika inatosha. Ikifika dakika nzima basi pengine kiungo cha mpira kilikuwa kinapitisha hewa, au kichujio hakijazama vizuri.

Na ndo maana hawachoti kwenye kisima kirefu. Hata utoe hewa yote, hewa ya nje inapandisha maji mita 10 na kidogo tu usawa wa bahari, kikazi hesabu 7 hivi, na ukienda Arusha, mita kama 1,400 juu, zinapungua tena, weka hata injini ya treni haisaidii.

Kuhusu nozo, ingekuwa pampu ya pistoni ukifunga lazima kitu kipasuke, maana pistoni ikisukuma imesukuma. Hii haina shida, impela inayazungusha maji yaleyale na presha inafika mahali inagota. Ila yakizunguka muda mrefu bila kutoka yanapata moto, yanaweza hata kuchemka na kuua sili inayozuia maji kuvuja, ndo maana mwenzake alikuwa na kiganja juu ya pampu muda wote. Akiona inaanza kuchoma anafungulia maji kidogo pembeni, ya baridi yaingie.