Re: Bima ya safari inatosha, au nilipie na ya uokoaji?

Ndugu, umeuliza kama bima ya kawaida ya safari inamtosha mpanda milima. Mimi hulipia ya uokoaji kando, na sijutii, ingawa sijawahi kuitumia (Mungu aepushie mbali).

Bima nyingi za safari hugharamia matibabu ukishafika hospitali. Kukutoa kwenye jabali na mguu umevunjika hadi ufike huko ni habari nyingine. Soma yale maandishi madogo: nyingi zina kikomo cha mwinuko, na kupanda kwa kamba mara nyingi hakumo kabisa. Halafu kuna kibali. Kampuni nyingi zinataka zipigiwe simu kabla helikopta haijaruka, la sivyo bili inaweza kukurudia. Namba yao na namba ya mkataba ziwe mfukoni, na mwenzako awe nazo pia. Wewe huenda umezimia.

Nchi nazo hutofautiana. Ufaransa, uokoaji wa umma milimani kwa kawaida ni bure. Vuka mpaka uingie Uswisi, unalipa. Huko kuna Rega, shirika la uokoaji kwa helikopta na ndege: mchangiaji wake wa kila mwaka anaweza kusamehewa gharama, lakini hiyo si bima.