Jibu: Wastani wa namba nne na taarifa inayotosha

Ndugu, swali lako linataka namba kubwa kuliko zote kati ya namba nne kamili, chanya na zisizolingana, zenye wastani wa 5, na linatoa taarifa mbili ili useme ipi inatosha kuipata. Umeuliza kwa nini taarifa ya kwanza, kwamba namba kubwa kuliko zote haipungui 14, inatosha peke yake kuitambua namba hiyo. Anza na jumla: kwa wastani wa 5, namba hizo nne lazima zifikie 20. Kwa kuwa tatu ndogo haziwezi kupungua 1 + 2 + 3, yaani 6, ile kubwa haiwezi kuzidi 14, kwa hiyo ni 14 kamili. Taarifa ya pili, kwamba ndogo kuliko zote ni 1, haitoshi, maana 1, 2, 3, 14 na 1, 2, 4, 13 zote zinaitimiza. Tafadhali usilipite haraka sharti la kutolingana, kama wafanyavyo watahiniwa wengi: likiondolewa, 1, 1, 1, 17 zinakubalika, na hata taarifa zote mbili kwa pamoja hazitoshi.