Tarangire ni Safari, Si Matembezi ya Jumamosi

Mtu wa Arusha akitaka kwenda Ulaya, hukaa na makaratasi wiki kadhaa: ada ya viza ya Schengen yuro 90, isiyorudishwa hata ukinyimwa, bima isiyopungua yuro 30,000, taarifa za benki, tiketi. Akitaka kwenda Hifadhi ya Tarangire, anaamka Jumamosi, anajaza ndugu kwenye Noah, anafika getini saa 5. Jioni anasema mbugani hakuna kitu. Wanyama walikuwepo, maandalizi ndiyo hayakuwepo, na inauma kwa sababu mtu huyo harudi tena.

Anza na msimu. Tembo wa Tarangire hukusanyika mtoni kuanzia Julai hadi Oktoba, maji kwingine yakiwa yamekauka. Masika hutawanyika hadi nje ya hifadhi, nyasi zinakuwa ndefu, na unaweza kuzunguka siku nzima ukaona mibuyu tu. Toka mjini saa 11 alfajiri. Ni kama kilomita 120 kwa barabara ya Dodoma, unakunja kushoto Kwa Kuchinja. Jua likishakuwa kali, simba na chui wamelala vivulini na wewe unapita mbele yao bila kujua.

Raia hulipa kiingilio kwa shilingi, kidogo mno ukilinganisha na dola za mgeni, ila uraia hauthibitishwi kwa maneno. Kila mtu mzima abebe kitambulisho cha NIDA au pasipoti. Fedha taslimu hazipokelewi. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au kadi. Basi fedha ziwe kwenye simu tangu usiku, na simu iwe na chaji.

Nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani. Rangi hizo huwavuta mbung'o, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Kaki inatosha. Mabaka ya kijeshi usithubutu, sheria inakataza raia kuyavaa. Chakula kiwekwe kwenye vyombo, kwani mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019.

Bajeti ikiwa ndogo, Hifadhi ya Arusha iko jirani na mji, unaingilia Usa River. Hapo nasisitiza darubini, hata ya kuazima. Bila darubini, heroe wa maziwa ya Momella ni mstari wa waridi juu ya maji. Ukiwa nayo unamwona mmoja ameinamisha kichwa, mdomo juu chini, akichuja chakula. Maji yenyewe ni ya magadi, na kila ziwa lina rangi yake kutokana na madini na mwani. Unaruhusiwa pia kutembea kwa miguu pamoja na askari mwenye bunduki. Usimwache hatua kumi, kwa sababu nyati wako wengi.

Nchi za nje nendeni, kuna bahari zenye barafu na makumbusho tusiyo nayo. Ila mtu wa Moshi kwanza apande Kilimanjaro kutoka geti la Marangu hadi kambi ya Mandara, mita 2,720, kwenda na kurudi siku moja, akiwa na mwongozaji. Kosa kubwa huko ni jinzi: ikilowa msituni inakuwa nzito na haikauki, na baridi inaanzia mapajani. Vaa suruali nyepesi, beba koti la mvua na maji lita 2. Ukifika Mandara kabla ya saa 7 mchana, ongeza robo saa hadi kreta ya Maundi. Ukichelewa, geuza, maana chini ya miti ile giza huingia mapema.